Durban kwa siku moja: wanyama asubuhi, Wazulu mchana, bahari jioni

Wengi huipanga siku hii ya Durban, Afrika Kusini, kinyume. Wanaanza na ufukwe kwa kuwa uko mlangoni pa hoteli, wanafika mbugani jua la utosi, wanyama wamelala vichakani, kisha wanakosa ngoma ya mwisho ya Wazulu. Anza mbali, rudi ukishuka kuelekea baharini.

Mbuga inayotosha siku moja ni Tala, karibu na Camperdown, kama saa moja kwa barabara ya N3. Haina simba, ina faru, viboko, twiga, pundamilia na swala wa aina nyingi. Hluhluwe-iMfolozi ni kubwa zaidi, lakini ni kilomita zipatazo 280 kwenda tu, kwa hiyo ipe siku yake. Piga simu siku moja kabla, uulize lango hufunguliwa saa ngapi. Wakikuambia 10:00, kwa hesabu yetu ya Kiswahili ni saa 4 asubuhi ya huko; saa zao ziko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja. Ukikuta faru, simama mbali, usiingie kati ya mama na mtoto, na zima huduma ya mahali (location) kwenye simu kabla ya kupiga picha: majangili nao hutazama picha za mtandaoni.

Kutoka hapo nenda PheZulu, kijiji cha maonyesho ya Kizulu, Botha's Hill, ukingoni mwa Bonde la Vilima Elfu. Kuna ngoma, nyumba za jadi, mamba na nyoka. Ngoma huchezwa kwa saa maalumu, hivyo panga muda wa mbugani ukihesabu nyuma kutoka saa hiyo. Ni onyesho la watalii, tusidanganyane, ila adabu zake ni za kweli. Mlango wa iqhugwane, nyumba ya nyasi yenye umbo la mzinga, ni mfupi: unainama. Wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto. Sehemu ya nyuma, umsamo, ni ya wahenga, usitue mkoba pale. Utshwala, pombe ya mtama, huja katika chungu kiitwacho ukhamba; aliyeileta huonja kwanza. Pokea kwa mikono miwili, unywe umeketi.

Kwa Kizulu, salimu mtu mmoja "Sawubona", wengi "Sanibonani". Asante ni "Ngiyabonga". Inkomo (ng'ombe), inyoka na abantu utazielewa bila mkalimani. Lakini kwenye banda la nyoka angalia: imamba ni nyoka, na mamba wetu wao humwita ingwenya.

Ondoka kabla ya saa 9 alasiri, hasa Juni, maana jua huzama mapema, saa 11 na dakika chache. Mjini kula bunny chow, mkate uliotobolewa ukajazwa mchuzi, chakula cha Wahindi wa Durban. Robo ya mkate inamtosha mtu mmoja. Anza na kipande cha juu ukichovya, na usikawie: mchuzi ukishanyonywa, kitako hukatika mkononi.

Ufukweni ogelea kati ya bendera tu, walinzi wakiwapo. Nyavu za papa zipo tangu 1952, lakini hazizibi bahari yote, na giza likiingia papa husogea karibu zaidi. Kuhusu riksho, vigari vya abiria vinavyovutwa na mtu, zenye mapambo ya shanga, patana bei kabla ya kupanda, na uulize kama picha inalipiwa kando.