Msome Kisogoni Kabla ya Kumwosha

Mama alikuwa akifanya kazi kwa Mzungu mmoja kule Njoro. Familia ile ilipohama, alipewa mwanasesere wa kaure. Nikiwa na miaka 12 nilimtumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni ili ang'are. Kiwiliwili kilivimba, rangi ikabanduka kama ganda la yai. Mama hakunichapa; alinyamaza kutwa nzima.

Kwa hivyo ukimpata wako, iwe mnadani hapa Nakuru au kwenye sanduku la nyanya yako mzaa mama au baba, weka maji mbali kwanza. Kichwa kimechomwa tanuruni pamoja na wekundu wa mashavu. Kiwiliwili, mara nyingi, ni karatasi, unga wa mbao na gundi tu.

Mlaze chali juu ya taulo. Gusa shavu: likiteleza kama kikombe cha chai, kaure hiyo imepakwa utando mng'avu kama kioo. Likiwa kavu, laini kama ngozi ya mtoto aliyepakwa poda, hiyo ni biski, kaure isiyo na utando huo.

Sasa inua wigi, taratibu sana, usilivute. Chini yake kuna tundu lenye kifuniko: Wafaransa walipenda koki, ile ya vizibo vya chupa, Wajerumani kadibodi. Kifungue, zima taa za chumbani, tia tochi ndogo ndani ya kichwa. Ufa utajitokeza kama unywele mweusi. Usiharakishe hapa, zungusha kichwa chote, hasa paji la uso na nyuma ya masikio, maana ufa mmoja hushusha bei vibaya.

Kisha mgeuze, usome alama ya mtengenezaji kisogoni. Mwanasesere wa Jumeau, mtengenezaji wa Ufaransa, huweza pia kuwa na mhuri mwilini unaotaja "Médaille d'Or", nishani ya maonyesho ya Paris ya 1878. Bru, mtengenezaji mwingine Mfaransa, alianza 1866. Herufi S.F.B.J. ni za muungano wa watengenezaji Wafaransa wa 1899. Jina linalowapoteza wengi ni Armand Marseille: linasikika Kifaransa, ila kiwanda chake kilikuwa Ujerumani.

Wa mama ameandikwa "Armand Marseille, Germany, 390, A. 5 M." Si Mfaransa, nami nampenda vilevile. Uso wake naufuta kwa pamba iliyoloweshwa kidogo, nikikwepa wigi na shingo. Pale palipobanduka sijapaka rangi, nawe usipake: rangi mpya hufunika kile mnunuzi anachotaka kukiona.