Kutoa namba hasi kwa miguu: jinsi ya kubuni mchezo wa hesabu wa uwanjani

Mwalimu mwenzangu, watoto kukimbia na kutoka jasho si dalili kwamba wamejifunza hesabu. Mwendo wenyewe ndio uwe hesabu. Ukiweza kuondoa namba, ukaweka majina ya mito, na mchezo ukabaki vilevile, basi hayo ni mazoezi ya viungo tu. Tuchukue 3 − (−2), swali ambalo wengi hulijibu kwa kukariri kanuni.

Hatua ya 1: Chora mstari. Tumia chokaa au majivu. Weka alama 21, kuanzia −10 hadi 10, zikiachana sentimita 40. Mstari utakuwa na urefu wa mita 8. Darasa la watoto 60 linahitaji mistari sita hivi. Ukichora mmoja, wengi watabaki watazamaji.

Hatua ya 2: Tunga kanuni za mwendo. Hapa usiharakishe, maana mchezo wote umo humu. Ishara ya tendo inaamua mtoto anatazama wapi: kujumlisha, atazame upande wa chanya; kutoa, ageukie upande wa hasi. Ishara ya namba inaamua anavyotembea: chanya, aende mbele; hasi, arudi kinyumenyume. Jaribu mwenyewe. Simama kwenye 3, geukia hasi, rudi kinyumenyume hatua mbili. Umefika 5, na hakuna kanuni uliyokariri.

Hatua ya 3: Wabashiri kwanza. Kabla mwenzao hajatembea, kila mtoto aweke kokoto pale anapodhani atafikia. Bila kokoto, anayefikiri ni mtembeaji peke yake.

Hatua ya 4: Usiweke mbio. Kwenye mbio hushinda mwenye miguu myepesi. Pointi zitokane na kokoto zilizowekwa mahali sahihi. Kama kuna mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, chora mstari kwenye sakafu ngumu ili naye apite mwenyewe. Kumpa kazi ya kuandika pointi ni kumnyima somo.

Hatua ya 5: Ondoa uwanja polepole. Kipindi kinachofuata, vidole vitembee kwenye mstari wa daftarini. Kisha wape −4 − (−6) bila mstari. Jibu ni 2. Aliyeandika −10 ama hakugeuka, ama hakurudi kinyumenyume. Mtoe nje atembee swali hilohilo. Utaona ni lipi kati ya hayo mawili, na hilo ndilo la kumfundisha.