Somo: mayai yakikuzidi ndani, anza na beseni la maji

Haya mashoga na makaka, sogeeni. Mi nafuga kuku wa mayai sitini hapa uani kwangu Makorora, Tanga, na mteja wangu mkubwa ni kijana mmoja wa chipsi, kila siku anabeba trei moja. Sasa juzi kapata msiba Pangani akafunga kibanda siku sita, na kuku wao hawajui msiba, wanataga tu, kuja kushtuka trei sita zimepangana chini ya meza, mayai 180 hayo, na baba watoto asubuhi anaangalia sahani anasema mama, mayai tena, mi nitaota manyoya.

Wengi wetu mayai yakizidi tunakimbilia kukaanga. Kukaanga kunamaliza mayai mawili kwa mtu basi, na siku ya tatu nyumba nzima ishakinai. Mi siku hizi nayapanga kwa umri kwanza, maana yai la leo na yai la wiki mbili si yai moja, kila moja lina pishi lake.

HATUA YA 1. Beseni

Jaza maji ya baridi kwenye beseni, tia yai taratibu. Likizama likalala kabisa, bado bichi la juzijuzi. Likizama lakini likasimama wima, ni la siku nyingi ila mara nyingi linalika. Likielea tupa, usibishane nalo. Sababu ni kwamba ganda lina vitundu vidogo vidogo, maji ya ndani yanatoka polepole kama mvuke na hewa inaingia, kile kifuko cha hewa kule kitakoni kinakua, ndo maana linanyanyuka.

Ila tafadhali usitumbukize trei zote sita. Yai lina utando juu ya ganda unaoziba vile vitundu, ukililoanisha utando unatoka na halikai tena. Pima yale unayopika leo tu. Mengine yaache makavu, ncha iangalie chini, na kwenye kila trei andika tarehe kwa peni, hapo unajua lipi linatangulia.

Na jambo lingine, vunja yai moja moja kwenye kikombe kwanza ndo umimine kwenye bakuli. Mi mwaka jana nilijifanya fundi, nikavunja la nane moja kwa moja juu ya saba mazima, likatoka bovu, harufu ile hata paka alitoka jikoni. Saba yote nikamwaga.

HATUA YA 2. Yaliyosimama: mchuzi wa nazi

Haya ya zamani ndo mazuri ya kuchemsha kwasababu yanamenyeka. Yai la leo ukilichemsha linang'ang'ania ganda, unamenya unabaki na kitu kama kimetafunwa na panya. Maji yakichemka hesabu dakika kumi, alafu toa tia kwenye maji ya baridi.

Kwa mayai 12 mi nakuna nazi mbili, nakamua tui zito naliweka pembeni na tui jepesi peke yake. Mayai yaliyomenywa nayapaka manjano na chumvi nayageuza kwenye mafuta kidogo mpaka yapate ngozi ya rangi ya dhahabu, hapo simama mbali maana yanaruka mafuta, bora uyachane kidogo ubavuni kwanza. Kisha kitunguu, thomu, nyanya, bizari ya mchuzi, pilipili nzima usiipasue, tia tui jepesi na viazi au bilinganya vichemke viive. Mwisho tui zito, na hapo usiende kuangalia tamthilia, koroga bila kuacha mpaka lichemke, vinginevyo tui litakatika. Rudisha mayai, zima moto, kamulia ndimu, giligilani juu. Kwa wali. Mayai 12 yameondoka chakula kimoja na hakuna aliyesema mayai tena.

HATUA YA 3. Yaliyolala: mkate wa mayai

Hapa ndo penyewe. Mayai 8, sukari robo kilo, unga wa ngano robo kilo, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai. Basi. Hamna mafuta, hamna hamira, hamna bekingi pauda, kinachoumua ni hewa unayoipiga wewe, kwahiyo ukivivia kupiga usije kunilaumu.

Mayai yasiwe ya baridi kutoka friji. Bakuli likauke na lisiwe na mafuta hata chembe. Piga mayai na sukari, kwa mashine dakika kumi hivi, kwa mchapo wa mkono ita vijana mpokezane. Unataka yageuke meupe mazito, ukiinua mchapo ule ute unadondoka kama utepe na unakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Kama unazama palepale, endelea. Chekecha unga humo kwa mafungu matatu, changanya kwa mwiko ukichota toka chini kuleta juu, usipige tena, ukipiga hewa yote inatoka na kazi yako imekwenda na maji.

Oveni ni nyuzi 180, dakika 35 mpaka 40. Jiko la mkaa mi naona linatoa mkate mtamu zaidi, sufuria umeipaka mafuta na karatasi chini, moto wa chini mdogo kabisa, makaa mengi palia juu ya kifuniko. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu epua.

HATUA YA 4. Yaliyobaki: friza

Vunja, koroga kidogo tu bila kutoa povu, tia chumvi kidogo sana, mimina kwenye mifuko mayai matanomatano, andika tarehe na idadi. Usigandishe na ganda lake, litapasuka. Ukitaka kutumia, toa usiku weka chini kwenye friji liyeyuke. Mi haya nayatumia kwenye chapati za maji na katlesi, mkate wa mayai hapana, siyaamini.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Pongwe: Dada shukran, mi sina friji, naweza kuyaweka siku ngapi?

Jibu: Kona yenye ubaridi mbali na jiko na dirisha la jua, bila kuosha. Kwa joto letu hili la kaskazi mi mwisho wangu wiki mbili, na kabla ya kupika beseni. Likishachemshwa ndo liliwe siku ileile, usilaze.

Mdau wa Duga: mkate wangu unapanda vizuri alafu katikati unabonyea kama beseni, nakosea wapi?

Jibu: Umefunua kuchungulia. Nusu saa ya kwanza usiguse kifuniko wallahi. Kama hujafunua basi umeepua kabla ya kuiva.

Mdau wa Muheza: Nikichemsha kiini kinazungukwa na duara la kijani, mume kakataa kula anasema yai limeoza.

Jibu: Mwambie shemeji ale. Umechemsha kupita kiasi tu, chuma cha kwenye kiini kimekutana na salfa ya kwenye ute. Halina madhara.

Mdau wa Chumbageni: Na ya kienyeji, nimeyakuta kichakani kuku alikuwa ameyalalia, sijui siku ngapi

Jibu: Zima taa, washa tochi ya simu, weka yai juu yake. Ukiona mishipa myekundu au giza zito ndani mrudishie mama kuku, si lako hilo.

Mdau wa Raskazone: Nimeona watu wanaloweka mayai ya kuchemsha kwenye siki, nikiweka chupa mezani pale si itapendeza?

Jibu: Kaka siki sawa ila chupa ikae ndani ya friji, siyo mezani. Kule Illinois, Marekani, mwaka 1997 mtu alipata botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria kwenye chakula, kwa mayai ya siki ya nyumbani, aliyatoboa kwa kijiti alafu akayaacha nje ya friji, sumu ile inapoozesha mwili. Kwahiyo usiyatoboe, na kama umeme kwenu unakatika ovyo kama huku kwetu, achana nayo pika mchuzi.

Mdau wa Pongwe tena: dada na yule kijana wa chipsi karudi?

Jibu: Karudi jana, anataka trei mbili za haraka na mi nimebakiwa na mayai kumi na moja 😂