Somo: Kupima mruko wa chura wa jangwani aliyepungukiwa maji

Naandika mara moja tu, kisha anayeniuliza tena "chura akikauka anaruka umbali gani" nitamrudisha hapa.

1. Pata kibali. Huna, usimshike.

2. Mlaze kwenye maji ya kina kifupi usiku kucha. Hanywi kwa mdomo, hufyonza kwa ngozi ya tumbo na mapaja.

3. Mtoe mkojo, ndipo umpime uzito. Hapa niliharibu kazi ya miezi. Niliwapima na vibofu vimejaa, nikawapuliza kwa feni hadi wakapungua asilimia 15, nao wakaruka kama kawaida. Nikatangaza kwamba ukavu hauwasumbui. Aibu! Kibofu cha chura wa jangwani ni mtungi: mwili ukikauka, maji ya humo hurudi kwenye damu. Mizani ilikuwa inapima mtungi ukipungua, damu bado nyepesi. Siku hizi nabonyeza tumbo la chini polepole mpaka mkojo uishe. Usikamue kwa nguvu, utamuumiza. Na akikojoa katikati ya jaribio, uzito wa mwanzo haufai tena, anza upya.

4. Mpulizie upepo mwepesi, ukimpima mara kwa mara, hadi abaki na asilimia 90 ya uzito ule, halafu 80.

5. Mguse nyuma aruke mara tano. Andika mruko mrefu kuliko yote.

6. Mgeuze chali. Asipoweza kujigeuza, acha hapohapo, mrudishe majini.

MASWALI

– Kibofu sikukamua, matokeo yangu hayabadiliki. Tatizo nini?
Hatua ya 3.

– Huu si utesaji?
Hatua ya 1 na ya 6 ni za nini?

– Kwani ukavu unamzuiaje kuruka?
Swali zuri. Damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kidogo, oksijeni inachelewa kufika kwenye misuli. Mruko mmoja wa ghafla hautegemei sana oksijeni, kwa hiyo usitazame umbali peke yake. Mrushe mfululizo, uhesabu anachoka baada ya miruko mingapi. Huko ukavu hujionyesha mapema.

– Chumba ni nyuzi 25 muda wote, ila waliotoka kwenye feni wamezubaa mno.
Umenikumbusha nililosahau. Maji yakikauka kwenye ngozi humpoza chura, akawa baridi kuliko chumba. Labda unapima baridi, si ukavu. Zima feni, mfunike kwenye chombo hadi joto la mwili lilingane na la chumba, ndipo umrushe.

– Chura wangu wa aina ya Breviceps macrops haruki hata nimguse mara 20!
Huyo wa pwani ya Namibia hata akilowa haruki, hutembea. Pima mwendo wake.

– Na chura aina ya Scaphiopus couchii wa jangwa la Sonora, Amerika Kaskazini?
Mpime akichimba, maana hujifukia kinyumenyume kwa miguu ya nyuma. Ila angalia: akikaa ardhini muda mrefu hurundika yurea (taka ya mkojo) mwilini, na hiyo humsaidia kuvuta maji kutoka kwenye udongo. Ukimweka kwenye mchanga mbichi, atajinywesha huku wewe unamkausha.