Kabla hujabeba shoka kwenda kulala pwani, angalia mpini

Skukuu ikikaribia huwa napigiwa simu na vijana wanaotaka kwenda kulala Vumawimbi au kule juu Ras Kigomasha, pwani za kaskazini huku kwetu Pemba, na masuali yao ni yale yale, tenti tutapata wapi, mziki nani anao, nani atapika. Shoka na visu hakuna anaeviuliza. Asubuhi ya safari ndo mtu anaingia jikoni kwa mama ake anachukua kisu kilichopo, anapita kwa babu anaomba shoka, anatia kwenye begi pamoja na mikate, gari inaondoka. Nnaomba hichi kitu tukiache. Nitasema ninavyovijua mimi, vyengine kwa ufupi mana havina maneno mengi, kimoja kwa urefu kwa sababu nilikiona kwa macho yangu.

Kwanza jiulize kama shoka unalihitaji kweli. Watu wawili watatu usiku mmoja, panga na kisu na nusu gunia ya mkaa vinatosha kabisa. Panga linakata makuti, linafungua dafu, linasafisha pahala pa kutandika, na sote tumelishika tangu wadogo. Shoka ni la kuchanja gogo nene tu. Na hilo gogo unalitoa wapi? Msitu wa Ngezi ni hifadhi, hukati mti mle, na mikoko vile vile usiiguse, Zanzibar ina sheria ya misitu tangu 1996 na watu wanakamatwa. Muone sheha wa pale kabla, mwambie mnakuja wangapi na mnalala wapi, muulize kuni mnaruhusiwa kuokota wapi, au bora nunueni njiani mbebe zenu.

Zile mbao zinazotupwa na bahari zinavutia, kavu, nyeupe, lakini ziangalieni sana. Nyengine ni vipande vya vyombo vilivyovunjika na misumari imo ndani bado, ukiipiga shoka makali yanapata pengo, na kama msumari haumo basi mchanga umo. Ugeuze ubao pande zote kabla hujanyanyua mkono.

Kisu sasa. Usichukue kirefu. Makali ya urefu wa kiganja, sentimita 10 hivi, yanafanya kazi zote za kambini, kupara samaki, kukata kamba, kuchonga vijiti vya mishikaki. Cha kuangalia ni chuma kimeingia wapi kwenye mpini. Visu vingi vya bei rahisi chuma kinaingia kidogo tu kama msumari, mpini wa plastiki unakifunika, unaona kizuri dukani alafu siku unakikandamiza kwenye kitu kigumu kinakatika pale pale kwenye shingo na mkono wako unateleza mbele. Tafuta ambacho chuma unakiona ubavuni mwa mpini kinafika mpaka mwisho, kimebanwa na ripiti mbili au tatu. Kile cha kukunja kiwe na loki, kisicho na loki kiache nyumbani kimenye machungwa. Na kisu cha kuchinjia kuku kiwe mbali peke ake, kikali, msikifanyie kazi nyengine yoyote.

Stenlesi au chuma cha kawaida? Kwa huku kwetu upepo wa chumvi mchana na usiku, stenlesi inakupunguzia kazi. Chuma cha kawaida kinanoleka vizuri zaidi na mimi ndo nnachokitumia, ila nimekubali kukifuta kila nikimaliza na kukipaka mafuta ya nazi kidogo, siku moja tu ukikiacha na maji ya samaki asubuhi kina kutu. Kama unajijua mvivu nunua stenlesi. Na nazi tafadhali hazifuliwi kwa kisu, chukueni kifuo, au mti uliochongwa ncha mkauchomeka chini. Visu vingapi nimeona vimepinda kwa ajili ya makumbi.

Kunoa fanya nyumbani kabla ya safari, usiseme utanoa huko huko. Kinoo cha maji, upande wa kukwaruza kwanza alafu ule laini, pembe ile ile kwenda na kurudi, usikisimamishe kisu wala usikilaze kabisa. Shoka linapigwa tupa, na makali yake yawe manene kuliko ya kisu, ukilifanya jembamba kama wembe gogo la kwanza tu litakunjika. Na hawa mafundi wa mashine za umeme, simama nae pale pale, mwambie achovye maji kila baada ya muda, mana ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu basi chuma kimeshaungua, ugumu umeondoka, utakinoa leo na kesho kibutu. Watu wanaogopa kisu kikali na wanajiamini na kibutu, kumbe kibutu ndo unakisukuma kwa nguvu zote, na kikiteleza nguvu zile zote zinaishia kwenye mkono wako.

Haya, mpini wa shoka.

Tulikuwa saba, siku ya pili ya Idd kubwa, tunakwenda Vumawimbi. Shoka lilikuwa la babu yetu, Mungu amrehemu, kichwa chake kilifuliwa na mhunzi kutoka springi ya gari, chuma kizuri wallahi mpaka leo sijaona mfano wake. Lakini tangu babu afariki lilikuwa limekaa darini bandani, miaka, na mpini umekauka. Nililishika nikalitikisa nikasikia kichwa kinacheza kidogo. Nililisikia kabisa hilo, sikulikosa. Basi nikafanya kile ambacho sote tumeona wazee wakifanya kwa jembe, nikalitia kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza, nikaligonga chini mara mbili tatu, halitikisiki, nikaona kazi imekwisha nikalitia garini.

Tukafika, tukafunga tenti, tukaogelea, shoka limelala juu ya mchanga kwenye jua tangu saa nne mpaka alasiri, na mchanga wa Vumawimbi mnaujua unavyochoma. Alasiri nikaanza kuchanja gogo la mvinje tulilonunua. Mvinje mkavu ni mgumu sana, shoka linaruka kama umepiga jiwe, inabidi upige kwa nguvu. Mtoto wa ami yangu alikuwa amechutama mbele yangu kama hatua tatu anaokota vibanzi vya kuwashia. Pigo la nne au la tano, nimenyanyua, nashusha, mkono ukawa mwepesi ghafla. Mpini umebaki mkononi, kichwa hakipo. Sikukiona kinavyokwenda. Nilimuona yeye tu kakaa chini, hakupiga kelele, anaangalia mguu wake chini ya goti kama anaangalia mguu wa mtu mwengine, alafu damu ikaja.

Tulimfunga kikoi, mmoja akakandamiza, mwengine akakimbia kutafuta chombo mana gari lililotuleta lilisharudi, na hilo nalo lilikuwa kosa letu. Ikapatikana bodaboda, akapakiwa katikati, mtu nyuma kamshika, barabara ile ya ndani ya msitu na kila shimo analia. Kituo cha afya walimsafisha wakamfunga vizuri wakatupeleka hospitali akapigwe picha. Nyuzi 11 na mfupa umepata ufa, akafungwa piopii. Yeye kazi yake ni kuchuma karafuu na msimu ndo ulikuwa unaanza. Msimu mzima alikaa barazani anaangalia wenzake wanapita na makapu, na mtu ambae hajaishi Pemba hajui hasara ile ni kubwa kiasi gani, ile pesa ndo ada za watoto, ndo bati la nyumba. Mimi nilichuma nikampa nilichoweza lakini haikufika. Mpaka leo akipanda mkarafuu mguu ule anauweka kwa kuutizama.

Baadae seremala mmoja mzee akanieleza na nikaelewa kwa nini. Mti ukiloweka unavimba, lakini ndani ya lile tundu la chuma hauna pa kwenda, kwa hiyo nyuzi zake zinajiponda zenyewe. Ukikauka unarudi mdogo kuliko ulivyokuwa mwanzo. Yani maji yanakukazia kwa asubuhi moja na yanakulegezea zaidi mchana. Jembe linavumilia kwa sababu liko kwenye udongo wa maji kila siku na hulinyanyui kwa kasi ile, tena watu wanalilowesha tena na tena, lakini shoka unalipeleka juani kwenye kazi kavu, linakauka mkononi mwako huku unalizungusha. Kwa hiyo shoka linalocheza HALITIWI MAJI. Linatolewa mpini. Unachongwa mpya, mpera ni mzuri sana kwa kazi hiyo, mti uwe umekauka vizuri usiwe mbichi, nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini zisiukate kati, alafu juu panatiwa kabari ya mti mgumu na kama fundi anayo anaongeza ya chuma. Ukimaliza paka mafuta ya kitani, hadwea yanapatikana, acha yanywewe. Usipake rangi na usinunue mpini uliopakwa rangi, rangi inaficha ufa.

Namna ya kuliangalia ni dakika mbili tu. Likamate ulitikise sikioni, usikie. Tizama juu kwenye tundu kama kuna mwanya na kama kabari ipo haijatoka. Pitisha kidole mpini mzima utafute ufa. Alafu weka alama ya kalamu pale mpini unapoingia kwenye chuma, alama ikianza kusogea basi kichwa kinatoka. Na uangalie tena kule kule kambini kila unapoanza kazi, shoka likae kivulini ndani ya ala yake, mana lililokaza nyumbani asubuhi si lazima liwe limekaza saa tisa.

Kulitumia. Hakuna mtu mbele yako wala nyuma yako, siku ile mtoto wa ami yangu hakutakiwa kuwa pale hata kama shoka lingekuwa zima, na mimi ndie niliyetakiwa kumuondoa. Nnawafanyisha vijana hivi siku hizi, unyooshe mkono na shoka uzunguke pole pole, alie ndani ya duara hiyo atoke, alafu ongeza hatua nyingi upande wa mbele. Kuni iwekwe juu ya gogo jengine, si juu ya ardhi, na kule Unguja kusini kwenye maweni ndo usijaribu kabisa, pigo moja likigonga jiwe makali yamekwenda. Kishoka kifupi piga magoti, kikikosa kiende chini kisije kwenye mguu. Kishoka kirefu simama umetanua miguu. Kandambili hapana, vaa kiatu cha kufunika. Usiku hapana, hata na tochi, chanjeni kuni za kutosha kabla ya magharibi.

Kisu kinakata kwenda mbele yako au pembeni, usichonge kitu juu ya mapaja, ndani ya paja pana mshipa mkubwa wa damu na ukikatika dakika ni chache mno. Kikianguka kiache kianguke. Ukimpa mtu mpe mpini. Dafu usilishike kwenye kiganja ukalipiga panga kama unavyowaona wauzaji, wale wanafanya kila siku, wewe liweke juu ya gogo. Na hakuna kutembea na kisu wazi mkononi, kikimaliza kazi kirudi kwenye ala, na ala iwe ngozi nzito au plastiki ngumu. Boksi lililokunjwa sio ala.

Mbebe bandeji nyingi, kitambaa safi, plasta, sabuni. Mtu akikatika kandamiza pale pale kwa nguvu dakika 10 bila ya kufunua funua kuangalia, kitambaa kikilowa ongeza chengine juu yake usikitoe cha kwanza. Majivu, kahawa, mafuta ya taa, hapana, mnamtilia uchafu tu. Damu ikiwa inaruka kwa mapigo na kukandamiza hakusaidii, funga juu ya jaraha kwa kitambaa kipana, kaza mpaka isimame, andika saa, usilegeze mpaka hospitali. Na hata jaraha dogo la chuma chenye kutu nenda kaulize sindano ya pepopunda.

Kabla hamjaondoka hakikisheni chombo cha kuwarudisha kipo na namba ya dereva mnayo, na mjue simu inashika pahala gani. Anaekuja kwa ndege asitie kisu mkoba wa mkononi. Watoto wakiwepo shoka alishike mtu mmoja, anaejulikana, akienda kuogelea analikabidhi kwa mtu, haliachwi limechomekwa kwenye gogo. Na mkifungasha hesabuni visu, vilivyokwenda vinne virudi vinne, mchanga unafukia kwa usiku mmoja na asubuhi watoto wa Makangale wanapita pale miguu mitupu wanakwenda kutafuta chaza.