Kabla mto Nyando haujafurika, kaa chini na wagonjwa

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Ahero, uwanda wa Kano, Kisumu nchini Kenya. Zamani masika yakikaribia tuliita baraza, tukawasomea watu la kufanya, wakapiga makofi, wakaenda zao. Mwaka 2024 jaduong' (mzee) mmoja mwenye kisukari alinirekebisha mbele ya watu: “Mwanangu, mnatuambia tutazame mawingu ya hapa. Maji yetu hutoka milima ya Nandi. Hutukuta usiku, hapa kukiwa kukavu kabisa.” Tangu siku hiyo naanza kwa kuuliza.

Anza Januari, ardhi ikiwa kavu. Usiwaite wagonjwa ofisini; wafuate siku ya kliniki, kwenye benchi wanaposubiri dawa. Wanaotumia ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, ongea nao faraghani, mahali watakapochagua wenyewe. Kambi ya mafuriko huwa darasa moja lenye familia nyingi, na nimeona mama akiacha dawa kwa kuogopa kuonekana akizimeza.

Kisha chora ramani chini kwa jivu. Magunzi ni nyumba, vijiwe ni vyoo na visima, kamba ni mto. Mpe mgonjwa kijiti, halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunaharibu, tunajibu kabla hawajamaliza. Waombe wazee waonyeshe kwa mstari maji yalifika wapi mwaka 1961, wapi 2020 Ziwa Victoria lilipopanda, wapi 2024. Vijana wakiona mistari ya karibuni ilivyofuatana, habari ya tabianchi haihitaji hotuba.

Uliza: maji huingia kupitia wapi kwanza? Dawa zako huwa wapi? Nani atakubeba? Swali la dawa ndilo hutoa mengi. Dani (bibi) mmoja alikuwa akiweka vidonge vyake vya presha chini ya godoro, na godoro liko sakafuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyebuni kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, ndani yake dawa na kadi ya kliniki, limening'inizwa kwenye boriti karibu na mlango. Sasa kijiji kizima kina makopo. Wa insulini tumewaonyesha jinsi ya kuipoza kwa chungu ndani ya chungu, mchanga wenye unyevu katikati na kitambaa kibichi juu. Chupa ya dawa ifungwe kwanza isilowe.

Majina yao yapeleke zahanati mapema, uombe wapewe dawa za kuvusha masika. Wajawazito wa mwezi wa nane watafutiwe jamaa anayeishi sehemu za juu maji yasikofika, na mwenye mtumbwi ajulikane kwa jina na namba ya simu.

Maji yakipungua usipumzike. Vyoo vimefurika visimani, kwa hiyo maji yote ya kunywa yachemshwe. Mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu, na apelekwe zahanati. Homa za malaria huja baadaye, mbu wakishazaana kwenye madimbwi, hivyo panga kupita na vipimo nyumba kwa nyumba wiki kadhaa mfululizo.

Halafu rudi na jivu lako mahali pale pale. Mwaka jana walinionyesha nyumba mbili nilizozisahau, zote za wagonjwa wasioweza kutembea. Sasa ndizo ninazoanzia.