Fundisha perseptroni ya Rosenblatt kwa penseli na daftari

Juzi mpwa wangu alinionesha programu yake ya perseptroni, yaani kielelezo sahili cha seli ya neva kinachojifunza kupanga mifano katika makundi mawili. Inafanya kazi, ila nilipomuuliza inajifunzaje, alikwama. Tukafunga kompyuta, tukafungua daftari la hesabu. Kwa maoni yangu kila anayeanza apite hapa kabla ya kugusa kibodi. Frank Rosenblatt, Mmarekani aliyeibuni mwaka 1957, alikuwa mwanasaikolojia, na alichokuwa akikitafuta ni jinsi ubongo unavyojifunza.

Hatua ya 1. Andika mifano minne kwa mpangilio huu: 00, 01, 10, 11. Jibu sahihi ni 1 kwa 11 tu, mingine 0.

Hatua ya 2. Kila tarakimu ya mfano ni ingizo, na kila ingizo lina uzito wake, yaani namba inayoonesha lina nguvu gani kwenye jibu. Uzito wote uanze na 0. Zidisha kila ingizo kwa uzito wake, jumlisha. Jumla ikizidi 0, jibu ni 1. Sifuri kamili ni jibu 0.

Hatua ya 3. Jibu likiwa sahihi, usiguse kitu. Likitoka 0 badala ya 1, ongeza 1 kwenye uzito wa kila ingizo lililokuwa 1. Likitoka 1 badala ya 0, punguza 1. Katika mashine ya Rosenblatt, Mark I, yenye seli 400 za kupokea mwanga, kazi hii ilifanywa na mota za umeme zilizozungusha potenshiometa, yaani vipingamizi vya umeme vinavyorekebishika, vilivyoshika uzito. Leo mota ni mkono wako.

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima nilipoanza. Uzito wangu ulikwenda (1,1), (1,0), (0,0), kisha (1,1) tena, bila kikomo. Nikarudia kujumlisha mara sijui ngapi, na hesabu ilikuwa sawa! Nilichosahau ni uzito wa tatu, ambao ingizo lake ni 1 siku zote. Usipokuwepo, mstari wa kutenganisha majibu (mifano ikichorwa kama nukta kwenye grafu) hauna budi kupita kwenye nukta (0,0), na hivyo hauwezi kuitenga 11 peke yake. Uzito huu hurekebishwa kwa kila kosa, hata kosa likitokea kwenye 00. Mpwa wangu naye aliuruka papo hapo.

Duru moja ni kupitia mifano yote minne; kila duru ianze na uzito ulioachwa na iliyotangulia. Uzito wa tatu ukiandikwa mwisho, duru zako ziishie hivi: (1,1,1), (2,1,0), (2,1,-1), (2,2,-1), (2,1,-2). Ya sita haina kosa. Ukipata tofauti, kagua kwanza ulivyoihesabu sifuri.

Hatua ya 4. Sasa rudisha uzito wote kwenye 0 na ubadili majibu: 01 na 10 ziwe 1, nyingine 0. Kuanzia duru ya pili utaishia (-1,0,1) kila mara. Usitafute kosa: hakuna mstari mmoja ulionyooka unaoweza kuzitenga, kama watafiti wa akili bandia Minsky na Papert walivyoonesha mwaka 1969.